Pumzi, mbio, maneno au kona tulivu: ipi imfae mtoto wako akielemewa?

Uliza watu wazima wanne namna ya kumsaidia mtoto mdogo aliyezidiwa na hasira, hofu au wasiwasi, na kila mmoja atakupa jibu lake kwa uhakika kabisa. Mfundishe kupumua. Mwache akimbie, atatulia mwenyewe. Mfundishe kusema anavyojisikia. Mtengee mahali pake pa kupumzika. Majibu yote manne yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana mzazi anabaki njia panda: ashike lipi, na aanze na lipi?

Ulinganisho huu unahusu watoto wa miaka mitatu hadi minane. Naziweka njia hizo nne kwenye mizani moja ili uone kila moja inafanya nini, inachoka wapi, na inamfaa mtoto gani. Ila kabla ya hapo kuna mpaka wa kuuweka wazi. Kituo cha Chuo Kikuu cha Harvard kinachoshughulikia makuzi ya mtoto hugawa msongo katika mafungu matatu: ule wa kawaida ambao humkomaza mtoto, kama siku ya kwanza shuleni, ule mzito lakini unaovumilika akiwa na mtu wa kumshika mkono, kama msiba, na ule wa sumu, usiokoma na usio na mtu mzima wa kuukinga. Njia hizi nne ni za mafungu mawili ya kwanza. Mtoto anayepigwa kila wiki hahitaji kufundishwa kupumua. Anahitaji kipigo kikome. Kumfundisha kutulia ndani ya hali ambayo haipaswi kuvumiliwa ni kumhamishia mzigo usio wake.

Mizani yenyewe

Mtoto akishtuka au akikasirika, mwili humwaga homoni za msongo: adrenalini, kisha kotisoli. Moyo hwenda mbio, misuli hukaza, pumzi hukatika. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia, inayopima na kupanga, bado changa mno. Huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne aliyejitupa sakafuni hakukatai wewe. Kile unachotaka akitumie hakipatikani kwa dakika hizo.

Hapo ndipo kigezo ninachokiona kikubwa kuliko vyote kinapotokea: wakati. Kuna kabla ya dhoruba, kuna dakika zile za mwanzo inapojikusanya, kuna katikati yake, na kuna baada. Wazazi wengi huitupa njia nzuri kwa sababu waliijaribu katikati, ilhali ilikuwa njia ya kabla au ya baada.

Vigezo vingine: umri, maana mwaka mmoja kwa mtoto mdogo ni tofauti kubwa, tabia ya mtoto, yaani kama hulipuka (hupiga kelele, hutupa vitu, hukimbia) au hujikunja (hunyamaza, hung'ang'ania nguo yako, husema tumbo linauma), mzigo kwa mtu mzima, maana njia unayoiweza siku mbili tu si njia, na inapokwama.

Chini ya zote nne kuna jambo ambalo si chaguo: utulivu wa mtu mzima aliye karibu. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba akina mama waliokuwa wakicheza na watoto wao wachanga waukaushe uso kwa muda mfupi, wasitabasamu wala kujibu. Watoto walijaribu kila hila kumrudisha mama, kisha wakavunjika moyo. Mtoto hujituliza kwa kuazima utulivu wa mwingine muda mrefu kabla hajawa na wake. Ukiwa wewe mwenyewe unatetemeka kwa hasira, hakuna kati ya hizi nne itakayoshika. Rudi nyuma hatua moja, shusha sauti, chuchumaa mtazamane macho kwa macho, ndipo uendelee.

1. Pumzi na kulegeza misuli

*Inavyofanya kazi.* Pumzi ikitoka polepole, neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, hupunguza kasi ya moyo. Kinachotuliza zaidi ni kutoa pumzi. Sisi, kwa mazoea, humwambia mtoto "vuta pumzi ndefu", naye hutii: hupandisha mabega hadi masikioni, huvimbisha mashavu, hubana, na kubaki amekaza kuliko alivyokuwa. Mwambie apulize. Apulize povu la sabuni taratibu ili lisipasuke, apulize unyoya uvuke meza, au alale chali na mwanasesere tumboni amwone akipanda na kushuka.

Achana na hesabu za watu wazima za kuvuta kwa nne na kushikilia kwa saba. Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto wa umri wa chekechea hupumua takriban mara 20 hadi 30. Kumlazimisha mwendo wako ni kumkaba. Mipulizo mitatu au minne mirefu inatosha.

Misuli ni ndugu wa pumzi. Daktari Mmarekani Edmund Jacobson alichapisha mwaka 1929 utaratibu wake wa kukaza na kulegeza kundi moja la misuli baada ya jingine. Kwa mtoto unafupishwa: kunja ngumi kwa nguvu zote, hesabu hadi tano, achia, kunja uso, achia, bana mabega, achia. Asiyejua mwili uliolegea unakuwaje huanza kuujua kwa tofauti hiyo. Kuna pia zoezi la kobe, lililoanza kutumiwa madarasani Marekani katika miaka ya 1970: mtoto akihisi anapanda, hujikunyata kama aliyeingia ndani ya gamba, mikono mwilini na kichwa chini, hupumua, hufikiri afanye nini, kisha hutoka. Watoto hulipenda kwa sababu lina mlango wa kuingia na wa kutokea.

*Umri.* Kupuliza kuanzia miaka mitatu. Kukaza na kulegeza, pamoja na kobe, kuanzia minne au mitano.

*Wakati.* Kabla, na dakika za mwanzo. Katikati ya kilio cha kwikwi usijisumbue.

*Inamfaa nani.* Mwenye wasiwasi, anayechelewa kulala, anayebana mwili akiogopa. Wachache huogopa zaidi wakiambiwa wasikilize pumzi zao, wakadhani zitakatika. Hao waanzie kwenye misuli.

*Mzigo.* Dakika chache kila siku, kwa wiki kadhaa, wakati hakuna tatizo lolote. Hapo ndipo wengi hushindwa: nani hukumbuka mazoezi siku mtoto anapocheka?

*Inapokwama.* Inapogeuka amri. "Pumua! Nimekwambia pumua!" ni kelele kama kelele nyingine.

2. Mwili kusogea

*Inavyofanya kazi.* Adrenalini huuandaa mwili kupigana au kukimbia, kwa hiyo kumwambia mwili huohuo ukae kitako ni kushindana nao. Kuruka, kupanda ngazi, kusukuma ukuta kwa viganja, kubeba kitu kizito kiasi kutoka chumba kimoja hadi kingine: hayo huupa mwili kazi uliyoiomba.

Watu huchanganya mambo mawili hapa. Kuna mchezo wa kila siku, na kuna mchezo wa dharura. Wa kila siku ndio wenye faida kubwa zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kutoa jasho, na alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Kuanzia miaka mitano, mwongozo wa mwaka 2020 unataka wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya nguvu ya wastani au zaidi. Mtoto aliyefungiwa ndani tangu asubuhi na aliyelala kwa muda wa saa nane tu akilipuka jioni, mimi ningeanza na miguu na usingizi kabla ya kutafuta mbinu nyingine yoyote.

Tahadhari moja: kumpa mtoto mto aupige "atoe hasira". Ushauri huu umeenea, na ushahidi wake ni dhaifu. Mwaka 2002 Brad Bushman alichapisha jaribio alilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu waliochokozwa. Waliopiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewachokoza walibaki na hasira nyingi zaidi kuliko waliokaa tu. Hao walikuwa watu wazima, lakini sioni sababu ya kumfundisha mtoto kwamba hasira ina ngumi. Sukuma ukuta, ukuta hauna uso.

*Umri.* Wowote. Hii ndiyo njia pekee kati ya nne isiyohitaji maelezo.

*Wakati.* Kabla, na mara tu dalili zinapoanza. Katikati pia inawezekana kama mahali ni salama na mtoto mwenyewe anaitaka.

*Inamfaa nani.* Anayelipuka, asiyeweza kukaa, asiye na maneno bado. Haimfai aliyechoka hoi au aliyeko ukingoni mwa usingizi.

*Mzigo.* Nafasi na macho ya kumwangalia. Kwenye chumba kidogo au ndani ya gari lililojaa, punguza kipimo: kubana na kuachia vidole vya miguu ndani ya viatu, kusukuma kiganja kwa kiganja.

*Inapokwama.* Mbio zisizo na mwisho hupandisha badala ya kushusha. Zimalizie kwa mwendo wa polepole: kutembea kwa vidole, kujinyoosha, kisha kukaa.

3. Kutaja kilichomo ndani

*Inavyofanya kazi.* Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipiga picha bongo za watu wazima waliokuwa wakitazama nyuso zenye hisia kali. Walipochagua neno la kuitaja hisia ile, shughuli ya amigdala, sehemu inayopiga kengele ya hatari, ilipungua. Mtoto si mtu mzima, lakini walimu wa watoto wadogo huona jambo la jirani kila siku: anayeweza kusema "amenichukulia" hupiga mara chache kuliko asiyeweza.

Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky alieleza jinsi maneno ya mtu mzima yanavyogeuka kuwa ya mtoto. Kwanza husikia kwako, kisha hujisemesha kwa sauti, mwishowe husema moyoni. Ukimsikia akinong'ona "pole pole, pole pole" huku akijenga, jua maneno yako yamehamia kwake. Usimnyamazishe.

Ufundi wake uko kwenye namna ya kutaja. Swali la moja kwa moja mara nyingi hugonga ukuta:

— Umekasirika?
— SIJAKASIRIKA!

Afadhali useme unachokiona, kama mtu anayebahatisha, kisha unyamaze.

— Mnara umeanguka. Na ulikuwa umebakiza kipande kimoja.
Kimya. Anavuta kamasi.
— Ulikuwa mrefu.
— Ulikuwa mrefu kweli, mwanangu.
— Ni yeye ameuangusha!
— Ndiyo maana umekunja ngumi hivyo. Mimi pia ningekasirika.

Hapo hasira imetajwa bila mtoto kubandikwa kama kosa. Haijatatua chochote, mnara bado uko chini, lakini sasa ana mwenzake ndani ya jambo lile. Baada ya hapo ndipo mpaka unawekwa kwa sentensi fupi: kukasirika ni sawa, kupiga hapana.

Msamiati nao ujengwe. Nyumba nyingi zina maneno mawili tu kwa mtoto, hasira na furaha, na kila kitu husukumwa humo. Mpe aibu, wivu, upweke, hofu, kuonewa, kuchoka kusubiri, kukosa alichokitarajia. Kwa mtoto wa miaka saba ongeza ukubwa: hofu ndogo, ya kati, kubwa. Mtoto anayejua kwamba wivu una jina na kwamba wewe pia umewahi kuuona haoni tena kuwa yeye ni mtoto mbaya.

Asiye na maneno aseme kwa mikono. Mwanasesere "anayeogopa kwenda shule" atakueleza mengi ambayo mwenye mwanasesere hatayasema, na mchoro wa nyumba yenye mtu mmoja aliyesimama mbali ni mazungumzo yaliyoanza. Usiufasiri. Muulize tu, "Huyu anafanya nini hapa?"

*Umri.* Maneno manne ya msingi, yaani hasira, huzuni, furaha na hofu, kuanzia miaka mitatu. Mengine miaka mitano na kuendelea.

*Wakati.* Kabla na baada. Katikati, sentensi moja tu, tena fupi.

*Inamfaa nani.* Mtoto msemaji, bila shaka. Lakini pia yule anayejikunja, mradi upitie kwenye mchezo. Kwake yeye hii huenda ndiyo njia muhimu kuliko zote, kwa sababu mwili wake hauwapi watu wazima dalili za wazi. "Tumbo linauma" kila Jumatatu asubuhi laweza kuwa wasiwasi. Lichunguzwe kwanza kama maumivu, kisha lisikilizwe kama neno.

*Mzigo.* Mkubwa kuliko wa njia zote. Utasikia usiyoyapenda: "nakuchukia", "ningependa huyu mtoto mchanga arudishwe alikotoka". Na mtoto hatajifunza kusema "nimeudhika" kwenye nyumba ambayo mtu mzima hajawahi kulitamka, huonekana tu akipiga milango.

*Inapokwama.* Inapogeuka mahojiano, au kulichambua jambo moja asubuhi hadi jioni. Kusema kukizidi humrudisha mtoto kwenye kidonda.

4. Kona tulivu na kuelekeza akili kwingine

*Inavyofanya kazi.* Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia Walter Mischel aliwakalisha watoto wa shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford mbele ya kitu kitamu na kuwaahidi zaidi wakisubiri. Kama jaribio lile linatabiri maisha ya ukubwani ni mjadala mwingine. Kinachotuhusu ni walichofanya waliosubiri: walifumba macho, walijigeuza, waliimba, walicheza na vidole vyao. Hawakuishinda tamaa kwa kuikodolea macho. Kuondoa macho kwenye kinachokuchoma ni ujuzi halali, na unafundishika.

Kona ndiyo njia ya kuupa ujuzi huo mahali: mto, kitu laini cha kushika, vitabu vya picha, chupa ya maji yenye vimetameta vinavyoshuka taratibu. Haihitaji chumba, upande wa kitanda unatosha.

Tofauti ya kona na adhabu ni tatu, na mtoto huziona upesi kuliko sisi: anaingia kwa kualikwa na si kwa kusukumwa, anatoka akitaka, na mtu mzima hajaondoka. Ukishawahi kusema hata mara moja "nitakupeleka kwenye kona", tafuta mahali pengine uanze upya.

Simu ni kona ya haraka kuliko zote, na tuiseme wazi. Utafiti wa Jenny Radesky na wenzake, uliochapishwa mwaka 2022, ulifuatilia watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Kutumia simu na vifaa vya aina hiyo mara kwa mara ili kuwatuliza kuliendana na kulipuka zaidi kihisia miezi ya baadaye, hasa kwa wavulana na kwa watoto wenye pupa na msisimko mwingi tangu awali. Haithibitishi kwamba simu ndiyo sababu. Huenda anayelipuka sana ndiye anayepewa sana. Msimamo wangu ni wa kati. Simu kwenye foleni ndefu ya hospitali ni msaada. Simu kila anapolia ni kumnyima nafasi ya kujifunza.

*Umri.* Miaka mitatu na minne akiwa na mtu mzima ubavuni. Mitano na kuendelea aweza kwenda mwenyewe.

*Wakati.* Dakika za mwanzo. Katikati pia, kwa mtoto anayezidiwa na kelele au wingi wa watu, kwa sababu inamwondolea vitu badala ya kumwongezea.

*Inamfaa nani.* Anayechoshwa na makelele, mwanga na mikono ya wageni. Haimfai anayeogopa kuachwa. Huyo atasoma kona kama kufukuzwa, hata uipambe vipi.

*Mzigo.* Mdogo ukiwa nyumbani. Njiani, mfuko mdogo wenye vitu viwili vitatu alivyovichagua mwenyewe.

*Inapokwama.* Inapokuwa mlango wa kukimbilia kila jambo gumu. Hofu hunenepa kwa kukwepwa. Mtoto anayeenda kwenye kona kila mgeni anapobisha hodi ataogopa wageni zaidi. Apumzike, kisha arudi, hata kwa dakika moja akiwa amekushika mkono.

Zikisimama bega kwa bega

Ukizipanga kwa wakati, hazigombani kama zinavyoonekana mwanzoni. Mwendo na usingizi ni vya kabla. Pumzi na kona ni za dakika za mwanzo. Katikati ni uwepo wako tu, na kona kwa baadhi. Maneno ni ya baada, wakati mwingine saa kadhaa baada. Ukizipanga kwa mzigo, mwendo ni mwepesi kuuanza na maneno ni mazito kuyadumisha, ingawa maneno ndiyo atakayokwenda nayo mbali zaidi.

Chagua moja. Ifundisheni mkiwa mnacheka, uifanye wewe kwanza mbele yake ("nimekasirika, ngoja nipulize"), na uipe wiki kadhaa kabla ya kuongeza nyingine. Anayefundishwa nne kwa pamoja hakumbuki hata moja siku ya siku.

Kwa hali yako

*Anagoma asubuhi kwenda shule.* Usiku uliotangulia, mwanasesere naye aende shule, na mtoto aigize jinsi mlango unavyofunguliwa na nani anampokea. Asubuhi usihojiane, mpulizo mmoja, kuagana kwa namna ileile kila siku, kisha ondoka kweli. Kuchungulia dirishani mara tatu huanzisha upya kilio.

*Hulipuka mbele ya watu.* Punguza watazamaji: msogeze kando, geuza mgongo wako kwa umati. Sentensi moja, kisha kimya. Mkifika nyumbani na mtoto ametulia, ndipo maneno.

*Kuna kichanga kipya nyumbani.* Wivu utajwe kwa jina lake na usikemewe, na mtoto mkubwa apewe muda wa kucheza kwa mwili na mtu mzima mmoja asiyebeba mtoto. Kona katika kipindi hiki ningeiacha. Itaonekana kama amehamishwa.

*Hofu za usiku.* Misuli, kuanzia vidole vya miguu kupanda juu. Mazungumzo marefu kuhusu hofu yaachwe mchana, maana gizani maneno huzalisha mengine.

*Sindano au daktari wa meno.* Kupuliza wakati wa kuchomwa, pamoja na kuelekeza akili kwingine. Mwambie ukweli kabla: itauma kidogo, itaisha haraka. Ukimdanganya mara moja, mara ya pili hata pumzi yako hataiamini.

*Walezi hamkubaliani.* Mmoja anataka kona, mwingine anaona ni kudekeza. Anzeni na ile ambayo mkaidi zaidi kati yenu anaiweza, hata kama siyo bora kwenye karatasi. Mtoto mdogo hufaidika zaidi na jibu moja linalofanana kuliko majibu mawili mazuri yanayopingana.

*Darasani, watoto ishirini.* Mwendo wa wote kati ya somo na somo, na kobe kama ishara mnayoijua nyote. Kona moja kwa wanaoihitaji, na wote waingie kwa zamu mwanzoni ili isiwe na doa.

*Mtoto mkimya ambaye "hana shida".* Mtazame kwa muda mrefu kidogo: anakula? anacheza? amerudia kukojoa kitandani? amenyofoa kucha zote? Kwake anza na mchoro na mwanasesere, na usimsifu kwa kutolia.

*Umejaribu wiki nyingi na hali inazidi.* Usingizi au hamu ya kula imepotea, ameacha vitu alivyokuwa tayari anaviweza, anajiumiza, au anasema anataka kufa. Hapo muda wa kulinganisha njia umepita. Mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa watoto, na ukisikia habari ya kufa au kujiumiza, nenda siku hiyohiyo.

*Tayari ana njia yake.* Anashika kitambaa fulani, anajiimbia, anazunguka meza mara kadhaa, anakwenda kumkumbatia mbwa. Haimdhuru, haimdhuru mwingine, na baada yake anarudi kucheza. Iache. Ihesabu kuwa ya tano, na umwongezee moja tu ya hizi nne kwa siku ambazo kitambaa kitakuwa kimesahaulika nyumbani.